Kigari cha Kwendea Kazini: Starlet, Vitz na Ndugu Zao

Muulize mwalimu, karani au muuguzi yeyote wa Dar es Salaam aliyechoka kugombania daladala: siku akipata mkopo wa kazini, mjadala wa nyumbani kwake utakuwa juu ya majina matatu manne tu. Vitz, IST, Passo, na kwa watu wa zamani kidogo, Starlet. Nairobi wataongeza Demio na March. Majina haya tunayataja kama tunavyotaja wali na maharage, yaani yapo tu, yalikuwepo tangu zamani. Lakini hayakuwepo. Kuna watu waliyachagua kabla yetu, wengine wakiwa Tokyo, wengine wakiwa ofisi za kodi, na wengine wakiwa na mikono imejaa grisi kule Ilala.

Wazo lenyewe la gari dogo la mtu wa kipato kidogo ni la zamani kuliko barabara zetu za lami. Miaka ya 1930, Pierre-Jules Boulanger, mkuu wa Citroën huko Ufaransa, aliwaagiza wahandisi wake watengeneze gari la kubeba wakulima wawili na kilo 50 za viazi, liende kilomita 60 kwa saa, litumie lita tatu tu kwa kilomita 100, na likikatiza shamba lililolimwa, mayai yaliyomo kwenye kikapu yasivunjike. Vita ikaingia, magari ya majaribio yakafichwa Wajerumani wasiyaone, na mwaka 1948 gari likaonyeshwa Paris likiitwa 2CV, injini yake cc 375. Waandishi walilicheka. Wanunuzi wakapanga foleni ya miaka.

Agizo lile nalipenda kwa sababu linaanza na mtu na mzigo wake, gari linakuja baadaye. Sisi tukienda yadi tunaanza na gari: rangi, rimu, redio. Mzigo tunaukumbuka tukishalipa.

Uingereza nao walipata lao kwa shida ya mafuta. Mgogoro wa Suez wa mwaka 1956 ulipobana petroli, kampuni ya BMC ilimtaka Alec Issigonis atengeneze gari dogo kweli kweli. Mini ilitoka 1959, urefu wake mita tatu na ushee, na ujanja wake mkubwa ulikuwa kuilaza injini kwa upana ili nafasi kubwa ibaki kwa abiria. Miaka mitano baadaye Muitaliano Dante Giacosa akaurekebisha ujanja huo kwa kuiweka gia boksi ubavuni mwa injini badala ya chini yake. Fungua boneti ya Vitz leo, utaona mpangilio huo huo: injini imelala kwa upana, gia boksi iko pembeni.

Lakini hadithi yetu sisi inaanzia Japani.

Mwaka 1955 wizara ya viwanda na biashara ya nchi ile ilitoa wazo la gari la wananchi. Masharti yalikuwa makali: injini isiyozidi cc 500, mwendo wa kilomita 100 kwa saa, bei isiyozidi yeni 250,000, na lile lililonifanya nisimame kidogo niliposoma: litembee kilomita 100,000 bila matengenezo makubwa. Hakuna kiwanda kilichoweza kutimiza yote kwa bei ile. Hata hivyo sharti lile la kilomita 100,000 lilisema jambo ambalo Ulaya hawakulisema waziwazi. Gari la mtu wa kipato kidogo lisipodumu si rahisi hata kidogo. Bei ya kununulia ni awamu ya kwanza tu ya kulilipa.

Toyota walijaribu. Mwaka 1961 walitoa Publica, gari la cc 700 lenye silinda mbili, kazi iliyosimamiwa na Tatsuo Hasegawa, mhandisi aliyekuwa akisanifu ndege wakati wa vita. Jina lenyewe lilitokana na mashindano ya wananchi kupendekeza majina. Gari lilikuwa imara, lilikuwa la bei nafuu, na halikuuzwa kama walivyotarajia. Kwa nini? Lilikuwa kavu mno. Halina redio, halina kipasha joto, halina pambo. Mjapani wa miaka ile, aliyekuwa ameanza kupata vijisenti, hakutaka gari linalowatangazia majirani kwamba bado hana kitu. Hasegawa akaenda kutengeneza Corolla, iliyotoka 1966, akiwa na msimamo kwamba gari la watu lipate alama 80 katika kila somo, kisha liwe na kitu kidogo cha ziada cha kumfurahisha mwenyewe. Corolla ikauzwa dunia nzima. Publica nayo haikufa bila mtoto: mwaka 1973 lilitoka toleo lililoitwa Publica Starlet, na baadaye neno la kwanza likaangushwa.

Kwa hiyo ile Starlet iliyokuwa ikimpeleka mwalimu mkuu kazini miaka ya tisini ilizaliwa na gari lililoshindwa kwa kuwaaibisha wenye nalo.

India walilijua somo hili kwa njia mbili. Mwaka 1983, Indira Gandhi alikabidhi funguo za Maruti 800 ya kwanza, kigari cha cc 796 kilichotokana na Suzuki, na kwa miaka thelathini kikawa ndoto ya kila familia ya mshahara. Mwaka 2008 Ratan Tata akaonyesha Nano, kwa bei iliyotangazwa ya rupia 100,000, akisema wazo lilimjia alipoona familia nzima juu ya pikipiki. Nia njema kabisa. Likatangazwa kuwa gari la bei ya chini kuliko yote duniani, na hapo ndipo lilipoumia. Nani anataka kuegesha msikitini au kanisani gari ambalo dunia nzima inajua ni la bei ya chini kuliko yote? Uzalishaji ulikoma 2018.

Nayasema haya kwa sababu na sisi tuna midomo. Hapa mjini vigari hivi vinaitwa bebi woka. Anayekiita hivyo mara nyingi yuko kituoni, anasubiri basi, lakini anacheka. Ni utani, sawa, ila una mizizi. Gari katika lugha yetu limekuwa cheo kabla halijawa chombo. Tulitunga neno wabenzi kwa ajili ya wakubwa wa baada ya uhuru, na hata katika hadithi za kipelelezi tulizosoma chini ya dawati, gari likitajwa kwa jina ujue ni la tajiri au la jambazi. Mhasibu anayeendesha kigari cha cc 1000 kutoka Kimara hadi Posta hajapata mwandishi wake.

Na kwa muda mrefu hakuwepo. Miaka ya 1970 na mwanzo wa 1980, Tanzania haikuwa na fedha za kigeni za kuchezea. Mafuta yalikuwa haba hadi ikapigwa marufuku kuendesha magari binafsi Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mtumishi wa kawaida kununua gari lilikuwa jambo la kibali, kujuana na subira. Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa nje, na ukafunguka zaidi chini ya Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu hawakumwita Mzee Ruksa bure. Kukaja mitumba ya nguo, kisha mitumba ya magari, kwanza mengi yakipitia Dubai, baadaye moja kwa moja kutoka Japani.

Kwa nini Japani? Wengi tunajibu kwamba Wajapani wanatunza magari. Ni kweli nusu. Nusu nyingine ni sheria yao. Gari jipya kule hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili, na ukaguzi una gharama. Likishapita miaka 13, la petroli hupandishiwa kodi. Mwenye gari anapiga hesabu, anaona bora aliuze. Ongeza jambo moja la kikoloni: Japani wanaendesha kushoto kama Waingereza, na Waingereza walituachia sisi, Kenya na Uganda upande huo huo. Gari linashuka bandarini likiwa na usukani mahali pake.

Sasa njoo kwenye cc. Vitz ya kwanza, iliyotoka 1999, ilikuwa na injini ya cc 997. Passo ya 2004 na Vitz ya 2005 zikaja na nyingine ya silinda tatu, cc 996. Namba hizi hazikuokotwa. Japani hutoza kodi ya mwaka kwa madaraja ya ukubwa wa injini, na daraja la chini la magari ya kawaida linaishia lita moja. Mhandisi alisanifu injini iishie hatua chache kabla ya mstari wa mtoza kodi wake. Na bahati ikawa kwamba hata huku, kwa miaka mingi, ushuru wa bidhaa kwa magari umekuwa na mstari pale pale: isiyozidi cc 1000 imesamehewa, juu yake unalipa. Hivyo karani wa Tokyo na karani wa TRA, ambao hawakuwahi kuonana, wamemchagulia mwalimu wa Mbagala gari. IST ya 2002, yenye cc 1298 au 1497, iko juu ya mstari, ndiyo maana anayetaka kifua kidogo zaidi kwenye mlima analipia.

Vya chini zaidi vipo. Sheria ya Japani ya vigari vidogo kabisa iliweka kikomo cha cc 360 mwaka 1955, ikapanda hadi 550 mwaka 1976 na 660 mwaka 1990. Sisi hatukuvipenda sana kwa kwendea kazini. Tulivipenda kwa kubebea nyanya na kreti za soda, vile vipikapu vya Suzuki Carry tulivyovibatiza kirikuu, kwa jina la yule mtoto wa filamu ya katuni ya 1998, mdogo kuliko wote na mwenye mbio kuliko wote. Kama kuna jina la gari lililotungwa kwa akili zaidi ya hilo, sijalisikia.

Lakini kodi peke yake haikuipa Starlet heshima yake. Heshima ilitoka kwa mafundi. Starlet za tisini, zenye injini ya 4E, zilikuwa rahisi kufunguka na rahisi kufungika. Fundi wa chini ya mwembe aliweza kuijua yote kwa mwaka mmoja. Ilitumia mkanda wa taimingi, ambao lazima ubadilishwe kwa wakati. Vitz na IST zikaja na cheni, ambayo hudumu mradi oili ibadilishwe. Hapo ndipo wengi walipoumizwa: wanaambiwa "hii haina mkanda, haisumbui," wanasahau oili, kisha cheni inaanza kulia asubuhi. Matoleo ya baadaye yenye gia boksi ya CVT yalileta kilio kingine, kwa kuwa yanahitaji mafuta yake maalumu na fundi asiyejua humimina yale aliyozoea.

Nadhani hapa ndipo neno kudumu linapobadilika maana. Kwenye karatasi za Tokyo mwaka 1955, kudumu kulikuwa sifa ya chuma. Kariakoo ni sifa ya mtaa. Gari linadumu kwa sababu spea yake inapatikana duka la tatu ukiingia Gerezani, mpya ya Kichina au kuukuu ya Japani, na kwa sababu fundi wa jirani ameshaua mbili tatu za aina hiyo akijifunza. Ndiyo maana ushauri wa wazee wa gereji, "nunua gari ambayo iko nyingi," una akili kuliko orodha nyingi za wataalamu. Kigari kizuri cha Kizungu kilicho peke yake mjini ni yatima.

Kenya walijaribu kukata mnyororo huu wote. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya, na mwaka 1990 magari matano ya majaribio, Nyayo Pioneer, yakaonyeshwa kwa shangwe. Kiwanda cha kuyazalisha kwa wingi hakikupatikana. Wapo wanaolicheka jaribio lile. Mimi silicheki. Walikosa fedha, lakini swali walilouliza ni lile lile la Boulanger na viazi vyake, na ndiyo mara chache katika ukanda huu lilipoulizwa na sisi wenyewe.

Sisi tuliobaki tunasoma namba. Mfumo wa vibao vya Tanzania ulioanza na herufi A umeshafika E, na kwa herufi hiyo mtu anajua gari limekula barabara zetu muda gani. "Vitz namba D" ni sentensi kamili. Ina bei, umri na tabia ya aliyekuwa nalo.

Na majina yenyewe yanaanza kuondoka. IST iliacha kuundwa 2016. Jina la Vitz lilifutwa Japani 2020, gari likaitwa Yaris kama Ulaya. Passo ilikoma 2023. Zilizobaki zitaendelea kushuka bandarini kwa miaka, kila mwaka zikiwa kuukuu zaidi na ushuru wa uchakavu ukizipanda. Mafundi wa Ilala sasa wanaizungumzia Aqua, ya mwaka 2011 kwenda mbele, cc 1496 na betri kubwa chini ya kiti cha nyuma. Inanusa mafuta kweli, hilo hawabishani. Wanachobishana ni nani kati yao ataifungua ile betri kwanza.