Umetoa wapi? Historia ya fishi, kutoka Brussels mpaka kwenye ordinatere

Familia inapokimbia vita usiku, vitu vinavyobebwa vinajulikana: watoto, sufuria, blanketi, godoro kama kuna mtu wa kulibeba, na bahasha ya vyeti. Daftari la mwanafunzi wa chuo kikuu, lile alimoandika amesoma kitabu gani na ukurasa gani, mara nyingi linabaki nyumbani. Miezi inapita. Masomo yanaendelea katika mji mwingine, naye anaketi tena kumalizia kazi yake ya mwisho, ile ambayo wengi wanaiita TFC. Mawazo bado anayo kichwani. Lakini siku ya kuitetea, mwalimu mmoja wa juri anamuuliza swali fupi: "Hii umetoa wapi?" Hapo ndipo inaonekana lile daftari lilikuwa na bei gani.

Swali hilo si la chuo kikuu peke yake. Kwenye baraza la wazee, mtu anayedai shamba anaulizwa vilevile: nani alikuambia mpaka unapita hapa, na yeye aliambiwa na nani? Mzee anayeheshimiwa hasemi tu. Anamtaja baba yake, anamtaja babu yake, anamtaja na jirani aliyekuwapo siku mti wa mpaka ulipopandwa. Wasomi wanafanya kazi ileile kwa maandishi. Wanataja mwandishi, jina la kitabu, mji, mwaka na ukurasa, ili anayebisha aende kujionea mwenyewe.

Shida ni kwamba habari hizo ni nyingi na zinapotea haraka. Leo kuna programu za ordinatere, yaani kompyuta, zinazozipanga. Lakini mwanzo wa programu hizo ni wa zamani kuliko umeme.

Mwaka 1545, katika mji wa Zürich kule Uswisi, daktari mmoja aliyeitwa Conrad Gessner alitoa orodha kubwa ya vitabu vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Miaka mitatu baadaye alieleza njia yake ya kupanga: andika kila jambo kwenye upande mmoja wa karatasi, kata karatasi kwa mkasi, kisha panga vipande unavyotaka. Ni jambo dogo, lakini lilibadilisha kazi. Ukurasa wa daftari hauhamishiki, kipande kinahamishika. Kitu kipya kikija, kinapewa nafasi katikati bila kuandika yote upya. Baadaye watu wa maktaba waliweka vipande hivyo kwenye karatasi ngumu za ukubwa mmoja. Ndizo fishi, ndugu wa zile ambazo walimu wa Congo wanatayarishia masomo yao.

Walioipeleka njia hiyo mbali zaidi walikuwa wanasheria wawili wa Ubelgiji, Paul Otlet na Henri La Fontaine. Mwaka 1895 walianzisha Brussels ofisi ya kimataifa ya kuorodhesha kila kitu kilichochapishwa duniani. Kila kitabu na kila makala kilipata fishi yake, yenye urefu wa sentimita 12.5 na upana wa sentimita 7.5, ikawekwa katika makabati ya droo ndogondogo. Fishi zilifika zaidi ya milioni 12. Mtu wa inchi yoyote aliweza kutuma barua au telegramu akiuliza nini kimeandikwa juu ya jambo fulani, akalipa, akapokea nakala za fishi. La Fontaine alipewa tuzo ya Nobel ya amani mwaka 1913, kwa sababu ya kazi yake ya kupatanisha mataifa. Wote wawili waliamini kwamba watu wanaoweza kukagua habari moja kwa pamoja hawadanganywi kirahisi kuingia vitani.

Lakini katika mji uleule wa Brussels, miaka ileile, kulikuwa na kazi nyingine ya kinyume. Mwaka 1908, miezi michache kabla ya Ubelgiji kuichukua Congo kutoka mikononi mwa mfalme Leopold wa Pili, karatasi za serikali yake ya Congo zilichomwa moto. Mtu aliyefanya kazi ikulu alieleza baadaye kwamba tanuru ziliwaka siku nane. Mtaa mmoja walikuwa wakikusanya fishi, mtaa mwingine walikuwa wakigeuza karatasi kuwa majivu.

Si zote zilizochomwa. Kati ya mwaka 1904 na 1905, tume ya uchunguzi ilikuwa imepita Congo ikisikiliza wanainchi wakieleza juu ya mpira, mateka, mikono iliyokatwa na vijiji vilivyochomwa. Ripoti ya tume ilitoka mwaka 1905, lakini maneno ya mashahidi wenyewe hayakuchapishwa. Yalifungiwa ndani ya nyaraka za serikali, na watafiti hawakuruhusiwa kuyasoma mpaka miaka ya 1980. Chanzo kilikuwapo, njia ya kukifikia ndiyo haikuwapo. Kwa miaka karibu 80, aliyebisha kwamba mambo yale hayakutokea hakuwa na mtu wa kumwekea maneno hayo ya mashahidi mezani.

Congo iliingia pia ndani ya nyumba ya Otlet yenyewe. Kufikia mwaka 1920 fishi zilikuwa zimehamia katika jumba la Cinquantenaire, karibu na lile tao kubwa ambalo Leopold alilimaliza mwaka 1905, na ambalo sehemu ya fedha yake ilitoka Congo. Mwishoni mwa Agosti 1921 na mwanzoni mwa Septemba, Mkutano wa pili wa Umoja wa Waafrika ulifanya vikao vyake vya Brussels humo humo. Alikuwapo W. E. B. Du Bois wa Marekani, na Blaise Diagne wa Senegal. Alikuwapo pia Mkongomani, Paul Panda Farnana, mzaliwa wa Congo ya chini mwaka 1888, mtaalamu wa kilimo aliyesomea Ubelgiji. Panda alikuwa amepigania Ubelgiji mwaka 1914, akakamatwa na Wajerumani, akafanywa mfungwa wa vita. Mwaka 1919 alianzisha chama cha Wakongomani walioishi Ubelgiji. Alidai Wakongomani wapewe shule na nafasi katika uongozi wa inchi yao. Magazeti ya wakoloni yalimshambulia. Alifariki mwaka 1930, na kwa muda mrefu watoto wa Congo walisoma historia bila kulisikia jina lake. Jina lake limerudi kwa sababu karatasi za mikutano hiyo zilihifadhiwa, na watafiti waliozifuata waliandika wazi wamezitoa wapi.

Kisha fishi zenyewe zikawa wakimbizi. Mwaka 1934 serikali ya Ubelgiji ililifunga jumba lile, na Otlet akabaki nje ya mlango wa kazi ya maisha yake. Mwaka huohuo alitoa kitabu kikubwa ambamo aliwaza meza ya kazi isiyo na vitabu juu yake, ila kioo na simu, na mtu anaita ukurasa kutoka mbali ukatokea mbele yake. Mwaka 1940 Wajerumani waliiteka Ubelgiji, wakataka nafasi ile kwa maonyesho ya sanaa yao. Makusanyo yaliondolewa, na mengi yaliharibiwa. La Fontaine alifariki mwaka 1943, Otlet mwaka 1944. Mwaka 1968 mwanafunzi mtafiti kutoka Australia, W. Boyd Rayward, aliingia katika nyumba ya zamani ya Brussels akaikuta ofisi ya Otlet: mavumbi, nyavu za buibui, mvua ikivuja juu ya karatasi. Fishi zilizobaki zilihamishiwa katika mji wa Mons, ambako zimefunguliwa kwa wageni tangu mwaka 1998. Mwaka 2013 UNESCO iliziandikisha katika kumbukumbu za dunia.

Kosa la Otlet halikuwa katika fishi. Lilikuwa kwamba zote zilikaa nyumba moja, na nyumba ina mwenyewe. Mwenye nyumba akifunga, au askari akija, kila kitu kinakwenda naye.

Ordinatere ilileta dawa ya sehemu. Mwaka 1985 kulitoka BibTeX, programu iliyowasaidia wanasayansi kupanga vitabu walivyovitaja. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1980 ikaja EndNote, ambayo inauzwa. Mwaka 2006 chuo kikuu cha George Mason, katika jimbo la Virginia kule Marekani, kilitoa Zotero. Waliyoitengeneza walikuwa watu wa idara ya historia, na jina lake wamelitoa katika lugha ya Kialbania. Ni ya bure, na yeyote anaweza kuona namna ilivyotengenezwa. Mwaka 2008 kampuni iliyokuwa na EndNote ilikipeleka chuo hicho mahakamani, ikidai kwamba Zotero inafungua mafaili ya EndNote bila ruhusa. Mwaka 2009 kesi iliondolewa. Kwa mwanafunzi wa kawaida jambo lile lilikuwa na maana moja: je, fishi ulizoziandika kwa jasho lako unaweza kuhama nazo, au mwenye nyumba anaweza kufunga mlango?

Kazi ya programu hizi haina uchawi. Msomaji akifungua kitabu au makala kwenye intaneti, anabonyeza alama moja, na jina la mwandishi, kichwa na mwaka vinaingia katika fishi. Kama hakuna intaneti, anaandika kwa mkono wake. Anapoandika kazi yake, anaita fishi, na mwishoni orodha ya vitabu inajipanga yenyewe. Profesa akisema mtindo si huo, unabadilishwa mara moja, kwa maana Zotero ina mitindo zaidi ya 10,000. Zamani badiliko hilo lilikuwa usiku mzima kwenye sekretaria ya umma, na malipo ya kupiga upya kila ukurasa.

Lakini mashini haijui Congo. Fishi yake ina nafasi mbili za jina: jina la ukoo na jina la kwanza. Mkongomani ana jina, postnom na prénom, desturi iliyopata nguvu wakati wa authenticité ya Mobutu mwaka 1972. Mwanahistoria Isidore Ndaywel è Nziem anaweza kuwekwa mara moja chini ya N ya Ndaywel, mara nyingine chini ya N ya Nziem, na mtu mmoja akawa watu wawili. Hata zile herufi V. Y. za Mudimbe, zilizotoka kwa Valentin-Yves, wakati wa Mobutu zilisomeka Vumbi Yoka. Asiyekagua fishi zake anampoteza mwandishi wa kwao akiwa na kitabu chake mkononi.

Tena, si kila chanzo ni kitabu. Mwaka 1953 Jan Vansina, Mbelgiji, alifika kwa Wakuba wa Kasai. Aliona kwamba mapokeo ya wazee yanaweza kukaguliwa kama maandishi: nani amesema, alisikia kwa nani, wengine wanasemaje. Mwaka 1961 alitoa kitabu juu ya njia hiyo, wakati ambapo wasomi wengi walisema Afrika isiyo na maandishi haina historia. Kule Lubumbashi, mwaka 1965, André Yav aliandika kwa Kiswahili historia ya mji kama ilivyokumbukwa na waliokuwa watumishi wa nyumba za wazungu. Mtaalamu Johannes Fabian aliitoa kama kitabu mwaka 1990, na leo maneno ya maboi wale yanatajwa katika vyuo vikuu vya mbali. Zotero ina fishi ya mahojiano, ina hata fishi ya kipindi cha redio. Mama anayeeleza katika kambi namna kijiji chake kilivyochomwa anaweza kuwa na fishi yake: tarehe, mahali, lugha, nani alimsikiliza. Jina lake litaandikwa akikubali mwenyewe, na kama ni hatari kwake, litafichwa.

Kwa familia zilizohama, neno kubwa ni hili la kuhama. Programu hii inafanya kazi hata bila intaneti. Siku megabaiti zikipatikana, inapeleka nakala ya fishi kwenye mashini za mbali. Fishi zenyewe hazilipiwi, na kwa mafaili ya vitabu kuna nafasi ya bure ya megabaiti 300. Anayeogopa kuacha vitu vyake kwa mwenye nyumba wa Marekani anaweza kutoa zote katika faili moja, akaliweka kwenye flashi, na nakala ya pili akampa shangazi anayeishi mji mwingine. Asiye na ordinatere anaweza kupiga picha ya kila ukurasa wa daftari lake kwa simu na kuituma kwa mtu wanayeaminiana. Si Zotero, lakini ni ileile akili ya Gessner na Otlet, pamoja na somo ambalo Otlet alilipata kwa kuchelewa: fishi zisikae nyumba moja.

Siku ya juri itafika, na siku nyingine labda itafika ya mahakama, au ya wajukuu wanaouliza kijiji kilikuwa wapi na nani alikichoma. Swali litakuwa lilelile.