Kadi moja, abiria wengi: Nauli ya pamoja kutoka Madogo hadi jijini

IKIWA umewahi kuvuka daraja la Mto Tana kutoka Madogo kuelekea mjini Garissa ukiwa na jamaa watatu au wanne, unaifahamu desturi hii: mmoja wenu hulipia wote. Mwenye tuktuk hana haja ya kujua nani ni nani. Anachohesabu ni vichwa na fedha, na hesabu zikilingana kila mtu hushika njia yake.

Desturi hiyo hiyo hugeuka kuwa swali gumu pale nauli inapolipwa kwa kadi ya elektroniki. Je, kadi moja yaweza kulipia abiria kadhaa? Jibu hutofautiana baina ya mji na mji, na hasa hutegemea jinsi nauli inavyokokotolewa.

Madogo haina kadi ya nauli. Hata hivyo, ni mji wa wasafiri. Uko kwenye ukingo wa magharibi wa Tana, katika Kaunti ya Tana River, ilhali soko kubwa, hospitali ya rufaa na shughuli nyingi ambazo wakazi wake huzitegemea ziko ng'ambo ya pili, Garissa. Kabla ya serikali za kaunti kuanza mnamo 2013, aliyevuka daraja hilo alikuwa ametoka Mkoa wa Pwani na kuingia Mkoa wa Kaskazini Mashariki, japo alikuwa amekwenda tu kununua sukari. Makao makuu ya kaunti yao yako Hola, mbali upande wa kusini.

Mabasi yatokayo Garissa kwenda Nairobi kupitia Mwingi hupita Madogo, na vilevile yale yaelekeayo Mombasa kupitia Hola, Garsen na Malindi. Ni nadra kumwona mtu wa huku akisafiri peke yake kwenda jijini. Kuna mgonjwa na wa kumsindikiza, kuna mwanafunzi na mjomba wake, kuna mama na watoto. Fedha za safari huwa mkononi mwa mmoja.

KADI YENYEWE

Kadi ya nauli (wapo waiitao kadi erevu, jina ambalo mwandishi huyu hajalizoea) ina kijipande kidogo cha elektroniki ndani yake kinachohifadhi nambari ya pekee. Haina betri. Nguvu zake huzipata kutoka kwa mashine ya kusomea inapokaribishwa kwa umbali wa sentimita chache tu. Salio huhifadhiwa ama ndani ya kadi yenyewe, ama katika kompyuta ya kampuni, na kadi ikawa kama ufunguo wa akaunti hiyo.

Ikiwa nauli ni moja kwa safari zote, kazi ya mashine ni nyepesi. Kila kadi inapoguswa, kiasi hicho hukatwa. Ikiguswa mara tatu, nauli tatu zimelipwa, na abiria watatu wanaweza kuketi bila mtu kudhulumiwa.

Mambo hubadilika pale nauli inapotegemea umbali. Hapo abiria hugusa anapoingia na kugusa tena anaposhuka. Kadi lazima ikumbuke mahali safari ilipoanzia. Ikiguswa mara ya pili kwenye kituo kile kile, mashine haiwezi kujua kwamba nyuma yako yuko dada yako. Itadhani ama umekosea, ama umeghairi safari na unatoka. Ndipo mashine nyingi hukataa mguso wa pili. Kadi ina kumbukumbu ya safari moja iliyo wazi, na wasafiri wawili hawawezi kuandikwa katika nafasi moja.

Hiki ndicho kiini cha suala zima. Katika miji mingi, marufuku ya kugawana kadi imetokana na hesabu kuliko uchoyo wa kampuni.

Mfano bora ni miji miwili mikubwa. New York, kadi ya MetroCard iliyoanza kuuzwa mnamo 1994 iliruhusu hadi watu wanne kuingia kwa kadi moja ya kulipia kila safari, kwa sababu nauli ya huko ilikuwa moja, uende kituo kimoja au kumi. Jamaa walipokezana kadi kwenye kizuizi cha kuingilia. Kwa wale waliokuwa wamelipia safari zisizo na kikomo kwa wiki au mwezi, sheria ilikuwa nyingine kabisa: kadi ikishatumika kituoni, ilikataa kufungua hapo tena hadi dakika 18 zipite, ili mtu mmoja asiingize ukoo mzima. Uuzaji wa kadi hizo ulikoma mwishoni mwa 2025 na mfumo wa kugusa ukachukua nafasi yake.

London, kwa upande mwingine, ambako kadi ya Oyster ilianza mnamo 2003, kila abiria hutakiwa kuwa na kadi yake anaposafiri pamoja na wenzake, kwa kuwa nauli ya treni huenda na umbali. Lakini mwenye kadi ya kawaida yenye salio tu anaruhusiwa kumwazima rafiki siku ambayo yeye mwenyewe haitumii. Kuna basi kugawana kwa aina mbili, na watu huzichanganya: kutumia kadi moja kwa wakati mmoja, na kupokezana kadi kwa nyakati tofauti. Aina ya pili huwa na matatizo machache, ila pale kadi inapokuwa na punguzo la mwanafunzi au mzee. Punguzo ni la mtu, na kumpa mwingine kadi hiyo ni udanganyifu.

HAPA KWETU

Katika Afrika Mashariki, Kigali ndiyo iliyotangulia kuizoea kadi. Mfumo wa Tap&Go wa kampuni ya AC Group uliingia mabasini humo mnamo 2015. Upesi watu walizoea kumgusishia mwenzao aliyesahau kadi au aliyeishiwa salio, naye akawarudishia sarafu mkononi. Dar es Salaam, ambako mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mnamo Mei 2016, tiketi za karatasi na kadi zimepishana kwa vipindi tofauti. N-Card nayo imetumika kwenye kivuko cha Magogoni na Kigamboni, na hata kuingilia viwanja vya mpira.

Kenya ilikuwa mbele kwa mipango na nyuma kwa utekelezaji. Mnamo 2013 kampuni ya Google ikishirikiana na Benki ya Equity ilizindua BebaPay jijini Nairobi. Abiria alipewa kadi, akaitia fedha kwa wakala, kisha akaigusisha kwenye simu maalumu aliyoishika kondakta. Ujumbe mfupi wa kuthibitisha malipo ulimfikia kwenye simu yake. Kwa kuwa kiasi cha nauli kiliandikwa na kondakta mwenyewe na hakikupimwa na mashine, kulipia watu wawili au watatu hakukuhitaji ufundi wowote zaidi ya kuandika jumla.

Serikali ikaamuru kwamba kufikia Julai 1, 2014 matatu zote zipokee nauli bila pesa taslimu. Kadi nyingine zikajitokeza, miongoni mwazo Abiria Card na My 1963. Tarehe ikasogezwa, kisha ikasogezwa tena, na hatimaye agizo likafifia. BebaPay yenyewe ilifungwa mnamo Machi 2015.

Sababu za kuanguka kwake zilikuwa nyingi na zote za kawaida. Kadi ya kampuni moja haikusomeka kwenye basi la nyingine. Nauli ya matatu hupanda mvua inaponyesha na hushuka saa za mchana, jambo ambalo mwenye gari hufurahia na mashine hulichukia. Makanga na dereva hutegemea pesa za mkononi kununua mafuta, kulipa ada za kituoni na, tuseme ukweli, kukidhi matakwa ya baadhi ya maafisa wa barabarani. Pesa zilizoingia moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari ziliwaacha hawa wakavu.

Na abiria wa mbali? Aliyeshuka Eastleigh asubuhi kutoka Madogo, akikusudia kukaa siku nne kisha arudi nyumbani, hakuona maana ya kufungia pesa zake katika kadi isiyokubalika popote upande huu wa Mwingi. Kama familia ya watu watano ingetakiwa kununua kadi tano, ingekwenda kwa miguu.

Iliyoshinda ni simu. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, haikubuniwa kwa ajili ya nauli, lakini leo ndiyo kadi ya pamoja ya Wakenya wengi. Machi 2020, janga la Covid-19 lilipoingia, ada ya kutuma kiasi kisichozidi Sh1,000 iliondolewa hadi mwisho wa mwaka huo ili kupunguza kushikana noti, na abiria wengi wakaanza kumlipa kondakta kwa simu. Simu haiulizi mmekuwa wangapi. Ukituma nauli ya watu sita, kondakta huona jumla na jina moja.

JINA LA NANI?

Hapo ndipo penye jambo la kutafakari. Malipo ya pamoja huacha ushahidi wa mtu mmoja tu. Basi likiharibika njiani na nauli ikarudishwa, hurudi kwa nambari iliyolipa, hata kama mwenye nambari hiyo alibaki nyumbani. Ikitokea ajali, Mungu apishe mbali, bima ya gari chini ya Sura ya 405 ya Sheria za Kenya huwahusu abiria bila kujali nani alitoa nauli. Lakini anayedai fidia atahitajika kuonyesha kwamba alikuwemo. Ujumbe wa simu wenye jina la shemeji hautoshi kuthibitisha hilo.

Reli ya Madaraka Express, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ilipata njia ya kati ambayo inafaa kuigwa. Mtu mmoja aweza kulipia tiketi za wenzake kwa simu yake, lakini kila abiria huandikwa jina lake na nambari ya kitambulisho. Kampuni nyingi za mabasi ya masafa marefu nazo huandika majina kwenye tiketi. Kasoro hutokea kwenye tiketi ya kikundi, pale karani mwenye haraka anapoandika jina la aliyelipa kisha akaongeza "na wengine wanne".

Mwandishi huyu aliwahi kusafiri akiwa mmoja wa "wengine wanne" hao. Kwenye kizuizi cha barabarani, ambapo abiria wa njia ya Garissa wamezoea kushushwa na kuulizwa vitambulisho, aliyelipa alikuwa amekwisha kupanda tena garini na kulala usingizi. Iliwachukua wanne hao muda mrefu kumshawishi utingo kwamba viti vyao vilikuwa vimelipiwa.

Hilo lilikuwa dogo. La Kona Punda halikuwa dogo. Mafuriko ya Novemba 2023, na tena ya Aprili na Mei 2024, yaliikata barabara kati ya Madogo na Garissa, na mashua zikawa ndizo tuktuk. Nauli ilitolewa hapo hapo ukingoni kabla ya kupanda. Jioni ya Aprili 28, 2024 mashua iliyojaa ilipinduka. Shirika la Msalaba Mwekundu lilitangaza kuwa watu 23 wameokolewa. Idadi ya waliokuwa wamepanda, hata hivyo, ilitajwa kwa namna tofauti siku zilizofuata. Jamaa walisimama kando ya maji wakitaja majina ambayo hayakuwa yameandikwa popote.

Kwa anayesafiri na jamaa zake leo kutoka Madogo, basi, hatua chache zitamfaa. Alipe kwa simu moja akipenda, lakini adai kila jina liandikwe kwenye tiketi pamoja na nambari ya kitambulisho, na watoto wahesabiwe wazi. Ujumbe wa malipo autume kwa angalau mwenzake mmoja, kwa sababu betri ya simu huisha Mwingi. Na akifika mji wenye kadi, aulize kwanza kama nauli ni moja au hupimwa kwa umbali, ndipo ajue kama atanunua kadi moja au tano.