Asili ya Neno "Magazine" na Udugu Wake na Hazina

Husemwa mara kwa mara kwamba neno la Kiingereza "magazine" liswahilishwe tu, kwa kuwa limekwisha zoeleka. Kabla ya kulikaribisha, yafaa tuujue ukoo wake.

Asili yake ni Kiarabu: makhzan, yaani mahali pa kuwekea akiba, na wingi wake makhazin. Kwa njia ya biashara ya Bahari ya Mediterania Waitalia walilifanya magazzino, Wafaransa magasin, ambalo kwao leo ni duka. Katika karne ya 16 likaingia Kiingereza kwa maana ya ghala, na baadaye hasa ghala la silaha na baruti; ndiyo sababu hata chombo cha kutilia risasi katika bunduki huitwa hivyo. Maana ya chapisho ilienea baada ya mwaka 1731, Edward Cave alipotoa mjini London The Gentleman's Magazine, ghala la makala.

Mzizi huo huo, kh-z-n, ndio uliotupatia hazina, bila kupitia Ulaya. Anayebisha hodi, basi, ni binamu wa mwenye nyumba.

Hata hivyo, udugu peke yake hautoshi. Kwa chapisho tunalo jarida (nalo pia ni la Kiarabu). Kwa jengo tuna ghala na bohari. Mfasiri akiandika "magazini" katika waraka wa jeshi, msomaji atabaki kukisia: ni jengo, ni risasi, au ni gazeti la askari? Penye chombo cha risasi tu ndipo tunapoona mkopo huo waweza kujadiliwa.