Antioksidanti: zilizo kwenye tenga na zilizo kwenye kopo

Asubuhi moja alitupigia simu studio mama mmoja, mkulima wa nyanya kutoka upande wa Ilula, mkoani Iringa. Alikuwa ameuza matenga matatu barabarani, na katika fedha hiyo akatoa shilingi 60,000 kununua kopo la vidonge kwa mtu aliyepita kijijini na begi. "Mwanangu," akaniuliza, "wameandika humu kuna antioksidanti za nyanya. Sasa hizo si ndizo nimeziuza kwenye tenga?"

Nilicheka, lakini lilikuwa swali zuri kuliko mengi tunayopokea, na zilibaki dakika mbili tu kabla ya taarifa ya habari. Jibu kamili ni hili.

Ni kitu gani hasa

Mwili unachoma chakula kupata nguvu, kama jiko linavyochoma kuni, na katika kuchoma huko hutoka cheche. Wataalamu wanaziita radikali huru. Ni chembe ndogo mno zisizotulia. Kila zinapopita hunyang'anya kitu kutoka kwa chembe jirani, na kwa kufanya hivyo huharibu kuta za seli, mafuta ya mwilini na hata vinasaba. Moshi wa sigara, moshi wa kuni na jua kali huziongeza. Antioksidanti ni zile zinazozipa cheche hizo kile zinachotafuta ili zitulie.

Jambo linalofanana na hilo unaliona jikoni. Kata parachichi uliache mezani, baada ya muda linakuwa jeusi. Likamulie limao, linachelewa kubadilika.

Mimea hutengeneza vitu hivi kwa faida yake yenyewe, kujikinga na jua, wadudu na magonjwa. Mwili wetu nao una vya kwake. Na si kila cheche ni adui: chembe nyeupe za damu hutumia cheche hizo hizo kuua vijidudu. Kwa hiyo anayekuambia kopo lake linazimaliza zote, hata kama anasema kweli, hajakutakia mema.

Tazama rangi

Mara nyingi antioksidanti ndiyo rangi yenyewe. Wekundu wa nyanya unaitwa laikopini. Rangi ya chungwa ya karoti, boga, viazi lishe na mawese mekundu ya Kigoma ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wekundu mzito wa rosela, na zambarau ya ganda la biringanya, ni anthosianini. Mchicha, mnafu na majani ya maboga nayo yana beta-karotini nyingi, ila ukijani umeifunika usiione.

Nyingine hazijionyeshi kwa rangi. Vitamini C iko kwenye mapera, machungwa, ubuyu na pilipili hoho. Tumezoea kumpelekea mgonjwa machungwa, lakini pera linayazidi mbali: gramu 100 za pera zina kama miligramu 200 za vitamini C, na chungwa la uzito huo lina kama 50. Mtu mzima anahitaji chini ya 100 kwa siku. Pera moja limekwisha kazi, na huku kwetu msimu wake ukifika yanaozea chini ya mti watoto wakiyapiga mateke.

Vitunguu vyekundu vya Ruaha Mbuyuni vina kwesetini, na nyingi iko kwenye tabaka za nje. Menya ganda kavu tu. Ukiondoa na tabaka mbili za nyama umetupa sehemu iliyo bora. Maharage mekundu na chai ya Mufindi vina polifenoli. Hata ugali una lake: dona hubaki na ganda na kiini cha mahindi, ambamo mna vitamini E, wakati sembe iliyokobolewa imeviacha mashineni.

Kuhusu viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, Mganda Robert Mwanga alikuwa mmoja wa watu wanne waliopewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 2016, na kazi yake ilikuwa kuzalisha mbegu za viazi hivyo. Vilizalishwa kwa ajili ya watoto wenye upungufu wa vitamini A. Huku bado nawasikia watu wakiviita chakula cha njaa.

Zinapotelea jikoni

Nyanya inafaidi moto. Ukiikaanga au kuichemsha, kuta za seli zake zinalegea na laikopini inatoka. Ukiipika na mafuta kidogo mwili unaipokea vizuri zaidi, maana laikopini na beta-karotini hufyonzwa pamoja na mafuta. Hivyo rojo la nyanya na kitunguu, lile la kila siku, limeshinda kachumbari kwa laikopini. Kachumbari nayo imeshinda kwa vitamini C.

Vitamini C ni dhaifu. Inayeyuka kwenye maji na kuharibika kwa moto. Osha mboga kabla ya kukata, siyo baada. Pika kwa maji machache, muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa, na yale maji usiyamwage. Magadi yanalainisha mboga haraka, nakubali, lakini yanaua vitamini C haraka vilevile. Karanga zilizosagwa au kijiko cha mafuta vinasaidia beta-karotini iingie mwilini. Wenye mawese wasiyachome mpaka yawe meupe, kwa sababu ule weupe maana yake beta-karotini imeungua.

Mboga za kukausha kwa ajili ya kiangazi zikianikwa juani moja kwa moja hupoteza sehemu kubwa ya beta-karotini. Zianike kivulini penye upepo, au ndani ya kaushio lililofunikwa.

Chai ina jambo lake. Polifenoli zake hushika madini ya chuma yaliyo kwenye maharage na mboga, yakapita bila kufyonzwa. Mama mjamzito na mtu mwenye upungufu wa damu wanywe chai saa moja au zaidi kabla au baada ya chakula, siyo pamoja nacho. Limao au pera kwenye mlo hufanya kinyume chake, husaidia chuma kiingie.

Sasa lile kopo

Wanasayansi waliwahi kuamini kopo lingefanya kazi, na sababu walikuwa nayo: watu wanaokula mboga na matunda mengi walionekana kupata saratani ya mapafu kwa uchache. Wakasema basi tuchukue beta-karotini, tuiweke kwenye kidonge.

Nchini Finland wakawapima wanaume 29,133 wavuta sigara. Wengine walipewa beta-karotini miligramu 20 kila siku, wengine hawakupewa. Majibu yalitoka mwaka 1994: waliomeza beta-karotini walipata saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Marekani nako kulikuwa na jaribio la watu zaidi ya 18,000, wavuta sigara, walioacha, na waliofanya kazi kwenye vumbi la asbesto. Humo beta-karotini ilichanganywa na vitamini A. Januari 1996 walisimamisha vidonge kabla ya muda, kwa sababu saratani ya mapafu ilikuwa imezidi kwa asilimia 28 upande wa waliomeza.

Karoti haijawahi kufanya hivyo. Kwenye chakula, beta-karotini huja kwa kiasi, ikiwa pamoja na nyuzinyuzi na mamia ya vitu vingine. Kwenye kidonge huja peke yake na kwa wingi. Ni hivyo hivyo kwa chai ya kijani: kikombe ni salama, lakini mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilionya kwamba vidonge vya dondoo lake vinavyompa mtu miligramu 800 au zaidi kwa siku za kiini chake kikuu vinaweza kuathiri ini.

Utaona pia makopo yanayojisifu kwa namba kubwa za "nguvu ya antioksidanti". Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na jedwali la namba za aina hiyo, ikaliondoa mwaka 2012. Ilisema kinachopimwa kwenye chupa ya maabara hakionyeshi kinachotokea ndani ya mtu, na wauzaji walikuwa wakiitumia vibaya.

Sisemi vidonge vyote vitupwe. Matone ya vitamini A ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa mara mbili kwa mwaka, wapeni. Vidonge vya madini ya chuma na foliki asidi anavyopewa mjamzito kliniki, avimeze. Hivyo vinaziba upungufu unaojulikana, kwa kipimo kinachojulikana, na ni bure.

Anayevuta sigara asiguse vidonge vya beta-karotini. Aliye kwenye matibabu ya saratani, au anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, asimeze kirutubisho chochote kabla ya kumwambia daktari wake. Juisi ya rosela inaweza kushusha shinikizo la damu kidogo, na ndiyo maana mwenye presha aitaje anapokwenda kupimwa, asije akaifanya badala ya dawa.

Hilo la mwisho ndilo nililomuuliza yule mama kabla simu haijakatika: je, kuna dawa ulizoacha? Akanyamaza kidogo. Zilikuwepo, za presha. Muuzaji alimwambia azipumzishe wiki tatu "ili mwili usafishike". Nikamwomba azirudie siku ileile, na kesho yake aende zahanati na kopo lenyewe mkononi, mganga asome maandishi yake.

Alipiga tena wiki iliyofuata. Presha ilikuwa imepanda, ila aliwahi. Kopo alikuwa amelibakiza zahanati, na mganga amelipanga dirishani ili wengine walione.