Kifaa cha Pili: Jinsi Walioacha Sigara Walivyoibadili Sigara ya Kielektroniki

Sehemu za lazima za sigara ya kielektroniki ni nne: betri, koili ya waya inayopata moto, utambi unaonyonya majimaji, na majimaji yenyewe, ambayo kwa kawaida ni mchanganyiko wa propilini glaikoli, gliserini, ladha na nikotini. Mtu anapovuta, umeme hupita kwenye koili, na majimaji yaliyoshikwa na utambi hugeuka ukungu mwembamba ambao watumiaji huuita mvuke. Tumbaku haiungui, kwa hiyo hakuna majivu wala lami. Tangu mwaka 2003 sehemu hizo nne zimebadilishwa mara nyingi, na mengi ya mabadiliko makubwa hayakuanzia katika maabara za kampuni kubwa. Yaliletwa na watu waliokuwa wameacha sigara kwa msaada wa kifaa cha kwanza walichokikuta dukani, wakakiona dhaifu, wakaanza kusaka cha pili.

Wazo la kuvuta bila moto ni la zamani. Mwaka 1930 Joseph Robinson alipewa hataza ya Marekani kwa kifaa cha umeme cha kuvukizia dawa. Mwaka 1963 Herbert Gilbert, mkazi wa Beaver Falls, Pennsylvania, aliomba hataza ya sigara isiyo na moshi wala tumbaku, akaipata mwaka 1965. Chombo chake kilipasha hewa yenye unyevu na ladha, nikotini haikuwamo. Hakuna kampuni iliyokichukua. Betri za wakati ule zilikuwa kubwa na hazikai na nguvu, na sigara za kawaida zilikuwa bado zinauzwa bila wasiwasi mwingi: ripoti maarufu ya Daktari Mkuu wa Marekani kuhusu uvutaji na afya ilitoka Januari 1964. Kampuni ya R.J. Reynolds ilijaribu njia nyingine mwaka 1988 kwa sigara iitwayo Premier, iliyopashwa na kipande cha kaboni kwenye ncha. Wavutaji waliichukia ladha yake, na haikumaliza mwaka mmoja sokoni.

Aliyefanikiwa alikuwa Hon Lik, mfamasia wa Shenyang, kaskazini mashariki mwa China. Yeye mwenyewe alikuwa mvutaji sugu, na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Alikuwa amejaribu viraka vya nikotini vya kubandika kwenye ngozi bila kufika mbali, kwa sababu kiraka hutoa nikotini polepole na kwa kiwango kilekile, ilhali sigara huifikisha kwenye ubongo ndani ya sekunde chache. Kifaa alichokibuni mwaka 2003 kilitumia mitetemo ya sauti isiyosikika kuyavunja majimaji kuwa matone madogo. Baadaye viwanda vilirudi kwenye waya unaopata moto, ambao ni rahisi kutengeneza. Bahati ya Hon Lik ilikuwa kwamba betri ndogo za lithiamu zilikwisha kushuka bei kwa sababu ya simu za mkononi. Kifaa kilianza kuuzwa China mwaka 2004 kwa jina la Ruyan, na kati ya 2006 na 2007 kikafika Ulaya na Marekani.

Vifaa vya kizazi hicho vilifanywa vifanane na sigara kabisa: vyembamba, vyeupe, vyenye kichungi cha rangi ya kahawia na taa nyekundu iliyowaka kwenye ncha. Mfano huo ulimvutia mvutaji aliyekuwa hajazoea kitu kingine, ila ulibana kila kilichokuwa ndani. Betri nyingi zilikuwa chini ya miliampea-saa 300. Ziliisha nguvu baada ya muda mfupi, na mtu alilazimika kubeba mbili au tatu. Kasha la majimaji lilikauka haraka, na utambi mkavu ukaleta ladha ya kuungua kooni. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia Commonwealth walipima damu ya wavutaji waliopewa aina mbili za vifaa hivyo, wakakuta nikotini iliyoingia mwilini ilikuwa kidogo mno. Mtu aliyekuwa akivuta pakiti kwa siku aliambiwa, kwa hakika, avute hewa yenye harufu. Wengi walirudi kwenye pakiti zao.

Waliobaki ndio walioanza kutengeneza. Nchini Uingereza, mwaka 2008, Ted na Matt Rogers walitoa kifaa kilichoitwa Screwdriver, na Marekani wengine walikuwa wakigeuza maganda ya tochi kuwa nyumba za betri kubwa. Vitu hivi havikufanana na sigara hata kidogo. Vilikuwa vizito na vya chuma, na mara nyingi vilikuwa na kitufe kimoja. Kilichowaunganisha mafundi wa nyumbani na viwanda vya Shenzhen kilikuwa skrubu. Kati ya vipimo vilivyoshindana, kama 510, 801 na 901, kipimo cha 510 ndicho kilichoshinda, hata kampuni zisizohusiana zikaanza kukata nyuzi zilezile. Tangu hapo mtu aliweza kununua betri ya kampuni moja na tangi la kampuni nyingine, na kila kimoja kikachaguliwa kwa sifa zake. Bila makubaliano hayo ambayo hakuna aliyeyatia saini, kusingekuwa na desturi ya kupanda ngazi kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Ngazi iliyotumiwa na wengi karibu na mwaka 2010 ilikuwa eGo ya kampuni ya Joyetech, yenye umbo la kalamu nene. Betri yake ya miliampea-saa 650 iliweza kukaa siku nzima kwa mtumiaji wa wastani. Juu yake palifungwa tangi la plastiki linaloonyesha kiasi cha majimaji kilichobaki, lenye koili ya omu mbili hivi, na kujaza tena kulihitaji chupa na dakika moja. Wakati huohuo ProVari, kifaa cha Marekani, kilimwezesha mtumiaji kupanga volti mwenyewe, na kampuni ya Evolv ikatengeneza saketi za kupanga wati moja kwa moja. Watafiti walewale wa Virginia walirudia vipimo kwa watumiaji wazoefu waliokuja na vifaa vyao wenyewe, na safari hii nikotini katika damu ilipanda hadi viwango vinavyokaribia vya sigara. Malalamiko ya wanunuzi yakawa yamethibitishwa: kasoro ilikuwa katika chombo na katika uzoefu wa kukitumia.

Hesabu inayoamua tofauti hiyo ni fupi. Nguvu ya kifaa, kwa wati, ni volti zikizidishwa kwa zenyewe kisha kugawanywa kwa omu za koili. Betri ya volti 3.7 kwenye koili ya omu 2 hutoa wati 6.8 hivi; ukishusha koili hadi nusu omu, wati hupanda hadi karibu 27 na majimaji mengi zaidi hugeuka mvuke kwa kila pafu. Aliyetoka kwenye sigara alizoea kuvuta moshi mdomoni kwanza, kisha kuushusha kifuani, na mtindo huo huhitaji koili ya omu nyingi, njia nyembamba ya hewa na majimaji yenye nikotini nyingi, labda miligramu 12 hadi 18 kwa mililita. Koili ya chini ya omu moja hutaka kinyume chake: hewa nyingi, pafu refu linaloingia mapafuni moja kwa moja, gliserini zaidi, na nikotini ya miligramu 3 au 6 tu, maana zaidi ya hapo koo halivumilii.

Kuanzia 2013 hivi mtindo wa pili ulitawala madirisha ya maduka. Mwaka 2014 matangi ya Aspire na Kanger yalileta koili za nusu omu zilizokuja tayari kutoka kiwandani, na betri aina ya 18650, yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ikawa ya kawaida. Yakaja mashindano ya kutoa wingu kubwa, koili za kusokota kwa mkono, na vifaa vya chuma visivyo na saketi yoyote ya kulinda betri. Mtu asiyejua hesabu iliyotajwa hapo juu aliweza kufunga koili iliyovuta ampea nyingi kuliko betri ilivyoweza kuhimili, na wapo walioungua mapaja kwa betri ya akiba iliyokaa mfukoni pamoja na funguo au sarafu. Tawi hili la historia lilizaa ufundi wa kupendeza, lakini lilimpotosha mwenye haja ya kawaida. Aliyeingia dukani akitaka asirudi kwenye sigara alitoka na mtambo wa wati 200, wakati shida yake ingetatuliwa na koili nzuri, betri ya siku nzima na nikotini ya kumtosha.

Serikali zilijibu kila moja kwa njia yake. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2014, iliyoanza kutumika Mei 2016, iliweka kikomo cha miligramu 20 za nikotini kwa mililita, tangi lisizidi mililita 2 na chupa ya kujazia isizidi mililita 10. Marekani ilivichukua vifaa hivi kuwa bidhaa za tumbaku kuanzia Agosti 2016. Uganda ilivipiga marufuku pamoja na shisha katika Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015, hivyo mvutaji wa Kampala hana kifaa cha kwanza wala cha pili kihalali. Kenya, mwaka huohuo, ilivitoza ushuru wa bidhaa pamoja na makasha yake.

Ushahidi ulio imara kuhusu uchaguzi wa vifaa vya kuachia sigara ulichapishwa mwaka 2019 na kundi la watafiti wa Uingereza lililoongozwa na Peter Hajek. Wavutaji 886 waliokwenda kwenye huduma za kuacha sigara waligawanywa: wengine walipewa viraka, bazoka na dawa nyingine za nikotini, wengine kifaa cha kujaza tena pamoja na chupa moja ya majimaji. Kundi la pili liliambiwa lijinunulie majimaji ya ladha na nguvu linayotaka, na kama kifaa hakikufaa, litafute kingine. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 18 ya kundi hilo hawakuwa wakivuta sigara, dhidi ya asilimia 9.9 ya kundi la dawa. Takwimu nyingine ya utafiti huo hutajwa kwa nadra zaidi: kati ya waliofanikiwa kwa kifaa, asilimia 80 walikuwa bado wanakitumia mwishoni mwa mwaka, huku upande wa dawa waliokuwa bado wanazitumia wakiwa asilimia 9 tu. Sigara iliachwa, nikotini ikabaki.

Kabla ya utafiti huo kuchapishwa, soko lilikwisha kugeuka. James Monsees na Adam Bowen, waliosoma Stanford, walitoa JUUL mwezi Juni 2015. Kilikuwa kijiti kidogo kisicho na kitufe, chenye kasha la kuchomeka na nikotini iliyochanganywa na asidi ya benzoiki. Asidi hiyo hupunguza ukali kooni, kwa hiyo miligramu 59 kwa mililita, kiwango ambacho zamani kingemfanya mtu akohoe, kikavutika kwa urahisi. Udogo uliowashinda watengenezaji wa 2006 sasa uliwezekana kwa njia ya kemia, bila kuongeza wati. Kwa mvutaji mzima aliyechoshwa na matangi yanayovuja, hiki kilikuwa kifaa cha pili kilicho rahisi kuliko vyote. Kwa bahati mbaya kiliwafaa vilevile vijana ambao hawakuwahi kuvuta sigara, na mwaka 2018 mamlaka za afya za Marekani ziliita hali hiyo mlipuko. Desemba ya mwaka huo Altria, kampuni mama ya watengenezaji wa Marlboro, ilinunua asilimia 35 ya JUUL kwa dola bilioni 12.8.

Mwaka 2019 ulileta hofu nyingine. Hadi Februari 2020 Marekani ilikuwa imehesabu wagonjwa 2,807 waliolazwa au kufariki kwa maradhi ya mapafu yaliyohusishwa na vifaa hivi, 68 kati yao wakiwa wamekufa. Chanzo kikuu kilichobainishwa kilikuwa asetati ya vitamini E iliyotiwa kwenye makasha ya mafuta ya bangi, mengi yake ya magendo. Hilo halikuvisafisha vifaa vya nikotini: madhara ya kuvivuta kwa miaka mingi bado yanachunguzwa, na Shirika la Afya Duniani limeendelea kutaka vidhibitiwe vikali.

Kisha vikaja vifaa vya kutupa, vyenye rangi kali na ladha za matunda, vilivyojazwa kiwandani na kuishia jalalani pamoja na betri yake ya lithiamu. Navyo havikuhitaji uchaguzi wa koili, wati wala nguvu ya nikotini. Mnunuzi alichagua ladha peke yake, na maarifa ya miaka 10 ya watu waliojaribu na kulinganisha yakawa hayana kazi dukani. Ubelgiji ilivikataza kuanzia Januari 2025, na Uingereza kuanzia tarehe 1 Juni 2025. Chini ya kanuni za Uingereza, kifaa kinachouzwa lazima kiwe cha kuchaji na cha kujaza tena, na koili yake iweze kubadilishwa. Watengenezaji walijibu kwa kuongeza tundu la chaja na kasha la kubadilisha kwenye maumbo yaleyale, mara nyingi kwa bei isiyotofautiana sana na ile ya kifaa cha kutupa.