Sekunde 18 kwa swali moja

Tarehe 23 Juni 1926, wanafunzi zaidi ya 8,000 walifanya mtihani mpya wa kuingia vyuo vya Marekani: SAT. Maswali 315, dakika 97. Nimepiga hesabu, ni kama sekunde 18 kwa swali. Hapo hata kukuna kichwa huwezi.

Aliyeongoza utungaji wake ni Carl Brigham, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Princeton. Mwaka 1923 alitoa kitabu akidai kuwa Wazungu wa kaskazini mwa Ulaya wamezaliwa na akili kuwazidi wahamiaji wengine na watu Weusi. Ushahidi wake ulikuwa majaribio ya akili waliyopewa wanajeshi. Mwaka 1930 akayakana hadharani: vipimo hivyo, alikiri, haviwezi kulinganisha mataifa wala rangi za watu.

Mwenyewe karudi nyuma, mtihani ukasonga mbele.

Basi leo mwanafunzi akilalamika kwamba SAT inampima mbio na pesa za tuisheni, simwiti mvivu. Nami nilitoka kwenye mtihani wa kidato cha sita nikijiona mjinga, kumbe saa tu ndiyo iliyonishinda.