Mdudu usiyemjua nyumbani: mpige picha kabla ya kumponda

Mvua zikianza, wadudu hufuata taa. Usiku umekaa sebuleni na watoto, mara unaona ukutani mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayekimbia upesi. Hujawahi kumwona. Wengi wetu hapo huchukua kandambili, au humpiga kofi pale pale anapotua shingoni. Lakini wapo wadudu ambao madhara yao huanza na kofi hilo.

Ukiwa na simu yenye kamera, picha chache zinaweza kukusaidia kujua ni nani aliyeingia nyumbani au bustanini, na ufanye nini.

Kwa nini umtambue kwanza?

Tuchukue mifano mitatu.

Wa kwanza ni yule wa ukutani, anayejulikana kama nzi wa Nairobi. Ingawa anaitwa nzi, yeye ni mbawakawa mdogo mwenye urefu wa milimita 7 hadi 10. Kichwa chake ni cheusi, kifua ni cha rangi ya chungwa, mbawa za juu ni fupi na zina rangi ya buluu inayong'aa, tumbo ni la rangi ya chungwa na ncha ya mkia ni nyeusi. Haumi wala hachomi. Sumu yake, iitwayo pederini, imo ndani ya mwili. Ukimponda juu ya ngozi, sumu hiyo humwagika, na baada ya siku moja au mbili ngozi huwa nyekundu na kutoa malengelenge. Ukijipangusa macho kwa mkono huo huo, macho nayo huvimba. Kwa hiyo mpulize aondoke, au mwache apande juu ya karatasi umtoe nje. Ikiwa umeshamponda, osha mahali hapo mara moja kwa maji na sabuni.

Wa pili ni kiwavijeshi vamizi. Asili yake ni bara la Amerika. Aliripotiwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 alikuwa amethibitishwa Kenya na Tanzania. Kwenye mahindi wapo viwavi wengine wanaofanana naye, lakini huyu akikua huwa na alama mbili za kumtambulisha: usoni ana mistari inayofanya herufi Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za mraba. Ukinunua dawa kabla ya kujua ni kiwavi gani, unaweza kupoteza fedha huku mahindi yakiendelea kuliwa.

Wa tatu ni rafiki anayeuawa bila kosa. Mdudu kibibi, yule wa mviringo mwenye madoa, wengi wanamjua. Mtoto wake hafanani naye hata kidogo. Ni mrefu, mweusi au wa kijivu, ana madoa ya chungwa na umbo kama mamba mdogo. Hula vidukari wanaofyonza sukumawiki na kunde. Mkulima anayemkuta katikati ya vidukari humdhania ndiye mharibifu.

Namna ya kupiga picha

1. Futa lenzi ya simu kwa kitambaa laini na safi. Picha nyingi zenye ukungu hutokana na alama za vidole.
2. Usisogeze simu karibu mno. Simu nyingi hazioni vizuri kitu kilicho karibu sana. Anza kama sentimita 15, gusa mdudu kwenye kioo ili kamera imlenge, kisha piga. Utaikata na kuikuza picha baadaye.
3. Tumia mwanga wa mchana, hasa kivulini. Mwako wa kamera huwafanya wadudu wenye mgongo unaong'aa waonekane kama doa jeupe. Usiku, mwombe mwenzako amulike tochi kwa upande.
4. Piga angalau picha nne: kutoka juu, kutoka ubavuni, kichwa, na mahali alipokutwa, kama jani lililoliwa au ukuta wenye taa.
5. Weka kitu cha kulinganisha ukubwa karibu naye, kama njiti ya kiberiti, sarafu au punje ya mahindi.

Akikimbia sana, mfunike kwa glasi, pitisha karatasi nyeupe chini yake, kisha mpige picha. Usimshike kwa mkono mtupu, na usiwaruhusu watoto wamshike.

Mambo ya kuhesabu

Hesabu miguu. Mdudu kamili ana miguu sita. Mwenye minane ni buibui, kupe au nge. Tazama mbawa: nzi na mbu wana mbawa mbili, nyuki na nyigu wana nne, na mbawakawa ana mbawa ngumu zinazofunika mgongo. Andika pia tarehe, saa, kijiji, na alikuwa anafanya nini.

Umuulize nani?

Kwa mdudu wa shambani au bustanini, anza na afisa ugani wa eneo lako. Ukimtumia picha kwa WhatsApp, itume kama faili ili isipoteze ubora.

Programu ya iNaturalist ni ya bure. Hupendekeza jina, kisha watu wengine hulithibitisha au kulisahihisha. Usichukue pendekezo la kwanza kuwa jibu la mwisho. Kabla ya kuweka picha, chagua kuficha mahali hasa unapoishi. Kwa mahindi ipo PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania pamoja na FAO. Hutambua uharibifu wa kiwavijeshi vamizi kwenye majani, na inaweza kufanya kazi shambani bila intaneti.

Kama simu yako ni ya kitochi, bado unaweza kusaidiwa. Mpigie afisa ugani umweleze idadi ya miguu, rangi kutoka kichwani hadi mkiani, ukubwa ukilinganisha na punje ya mahindi, na mahali ulipomkuta. Au mhifadhi mdudu ndani ya chupa kavu yenye kifuniko umpelekee.

Picha ina mipaka yake

Wapo wadudu wasioweza kutofautishwa kwa picha ya simu. Mtaalamu atahitaji kumwona mdudu mwenyewe kwa hadubini. Na mtu akiumwa au kuchomwa, kisha akavimba uso au ulimi, au akapumua kwa shida, usipoteze muda kutafuta jina. Mpeleke kituo cha afya mara moja. Picha mtampa mganga mkifika.

Kwa wadudu wengine wote, hifadhi picha zako pamoja na tarehe. Msimu ujao akirudi mdudu yule yule, utakuwa unamjua, na jirani akiuliza utakuwa na la kumwonyesha.